Betri mpya ya laptopu: ya kwanza niliiua ndani ya miezi 11, hii ya pili ina mwaka na miezi miwili na bado iko vizuri. Nilichobadilisha

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni. Nimekaa humu muda mrefu nikisoma tu bila kuchangia ila leo imebidi, maana jumamosi nilikuwa Kariakoo nikakuta dogo mmoja anakabidhiwa betri mpya ya laptopu, katoa elfu tisini yake, na maneno ya kwanza anayoambiwa ni "kaichaji masaa nane usiiwashe, kisha itumie mpaka izime yenyewe, rudia hivyo mara tatu". Iliniuma, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyohivyo nikafuata kama dawa ya hospitali na betri ikafa kabla ya mwaka.

Yangu ilikuwa hivi. Naishi Tabata, chumba kimoja cha bati bila dari, mchana mle ndani panaoka. Kipindi cha ule mgao wa mwishoni mwa 2023 nikajijengea woga kwamba umeme usije ukanikuta betri haijajaa, basi chaja ikawa haitoki ukutani, usiku na mchana, laptopu iko juu ya godoro nafanya kazi zangu za usanifu mpaka saa nane usiku nalala nayo imewaka pembeni. Muda wote inasoma 100 na mimi najiona mjanja. Mwezi wa 11 nikichomoa chaja napata dakika 40, mara inaonyesha 35 mara inazima ghafla.

Nilivyonunua ya pili nikaamua nielewe kwanza naiua na nini. Nilisoma sana wakuu, na jibu lake ni fupi kuliko nilivyodhani: betri hizi haziuliwi sana na kuchaji mara nyingi, zinauliwa zaidi na joto na kukaa imejaa muda mrefu. Vikikutana vyote viwili, kama pale kwenye godoro langu, ndo imeisha hiyo.

Kwanini? Betri ya laptopu ya siku hizi ni lithiamu, ndani kuna seli, kila seli ikijaa inafika volti 4.2 hivi (za kisasa nyingine zinapanda mpaka 4.35 au 4.4) na ikiisha inakuwa kwenye 3. Ikiwa juu kabisa pale dawa ya ndani iko kwenye presha, inajimenyua kidogo kidogo hata kama hujaigusa, na upande wa pili kuna utando unajijenga juu ya grafaiti (kaboni inayotunza lithiamu betri ikijaa), huo utando unakula lithiamu ambayo ndo ilitakiwa ikubebee umeme. Joto linaharakisha yote hayo. Hakuna kurudi nyuma, kilicholiwa kimeliwa.

Kuna vipimo vinajulikana vya betri hizi zikihifadhiwa tu mwaka mzima bila kutumika. Ikiwa kwenye nyuzijoto 25 na chaji asilimia 40, baada ya mwaka inabaki na uwezo wa 96 hivi. Nyuzijoto 25 hizohizo lakini imejaa 100, inabaki 80. Peleka kwenye nyuzijoto 40 ikiwa imejaa, inabaki 65. Sasa jiulize Dar mwezi wa kwanza na wa pili, kivulini tu tunacheza 31 mpaka 33, ongeza bati, ongeza godoro limeziba matundu ya feni, ongeza na joto la prosesa yenyewe, ile betri yangu ilikuwa inaishi kwenye 45 kila siku ya Mungu. Nilikuwa naipika.

Na hiyo habari ya masaa nane si uongo wa mtu, ni ushauri wa zamani umepitwa na wakati. Betri za nikeli za enzi zile za redio kolu na simu za kwanza kweli zilihitaji kufanyiwa hivyo, zilikuwa na tabia ya "kukariri", ukizoea kuichaji ikiwa nusu inasahau nusu nyingine. Lithiamu haina tabia hiyo. Sony waliziingiza sokoni 1991 na waliofanya ugunduzi wake, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Nobeli ya kemia 2019, kwa hiyo si kitu kipya, ila maneno ya betri za nikeli bado tunayarithishana kaunta kwa kaunta.

Nilichobadilisha mimi: moja, nimeweka chaji iishie 80. Laptopu nyingi za kampuni kubwa zina hiyo setingi, wengi hatujui tu. Lenovo unaingia kwenye programu yao ya Vantage unawasha Conservation Mode, ThinkPad zenyewe zinakuruhusu uchague ianzie ngapi iishie ngapi. Dell unawasha ukiwa unabonyeza F2 unaingia BIOS (setingi za mashine zinazofunguka kabla Windows haijawaka), sehemu ya betri unachagua Custom, mimi yangu nimeweka ianze 50 iishie 80. Asus iko ndani ya MyASUS. HP za ofisini kama EliteBook na ProBook ni F10, unatafuta Battery Health Manager. Pili, laptopu haikai tena kitandani, nimeokota ubao wa kabati la zamani nikauweka mezani na vizibo vinne vya soda chini ya laptopu hewa ipite. Tatu, sisubiri izime. Ikifika 20 au 25 nachomeka.

Hayo tu. Miezi 14 sasa, na ripoti ya mashine inasema betri iliyozaliwa na 48,000 mWh (kipimo cha umeme inaobeba) leo inajaa 45,700. Ni kama asilimia 95. Ile ya kwanza muda kama huu ilikuwa maiti.

Karibuni tujadili.

#2 Mdau wa Sinza

Mkuu uzi mzuri sana. Sasa si bora kuchomoa betri kabisa ukiwa unatumia umeme? Mimi yangu ni ile ya kizamani betri inachomoka kwa nyuma, huwa naitoa naiweka kabatini naendesha na chaja tupu.

#3 Mleta uzi

Kwa betri yenyewe ni kweli mkuu inapumzika, tena ukiiweka ikiwa 40 au 50 na sehemu ya baridi itadumu mno. Ila fikiria mji tunaoishi. Umeme ukikatika bila taarifa laptopu bila betri inazima papo hapo, kazi imepotea na diski inaweza kupata hitilafu, hasa kama bado ni ile diski ya kuzunguka siyo SSD. Mimi naona betri ndo UPS yetu (kile kifaa cha akiba umeme ukikatika) ya bure, iache ndani, wewe iwekee ukomo wa 80 au hata 60 kama haisogei mezani.

Ukichomoa pia kuwa makini usiisahau kabatini mwaka mzima, inajishukia polepole ikivuka chini sana saketi yake ya ulinzi inajifunga, ukirudisha haichaji tena.

#4 Fundi, Kariakoo

Nimesoma yote. Mimi ni fundi, miaka tisa nipo kwenye kazi hii, na nimekuwa nawaambia wateja masaa nane. Si kwamba tunadanganya watu. Mteja akichukua betri mpya akaenda moja kwa moja bila kuijaza, kesho anarudi anasema betri inaonyesha 60 halafu inazima. Akifuata masaa nane harudi. Hapo unasemaje?

#5 Mleta uzi

Fundi wangu heshima kwako, na hoja yako ina ukweli ndani yake ambao mimi mwenyewe nilichelewa kuuona. Anachorekebisha mteja wako pale si betri, ni kipimo. Ndani ya betri kuna kichipu kinachohesabu umeme ulioingia na uliotoka ndo kinaiambia Windows "imebaki asilimia fulani". Betri mpya ikitoka kwenye boksi kile kichipu hakijajua mwisho wa juu uko wapi na mwisho wa chini uko wapi, kinabahatisha. Ukiijaza mpaka juu, ukaiacha pale saa moja au mawili, halafu ukaitumia mfululizo mpaka ifike 7 au 5 ukaijaza tena bila kukatiza, kimeshajifunza. Mara moja inatosha. Halafu labda kila baada ya miezi mitatu minne ukiona namba zinarukaruka unarudia.

Kwa hiyo siyo masaa nane, kwa sababu laptopu ikishajaa saketi inakata yenyewe, baada ya masaa mawili matatu yale matano yaliyobaki betri haipokei kitu, imekaa tu imejaa na joto lake. Na siyo mpaka izime. Kuimaliza kabisa mara tatu mfululizo ni kuichosha bure siku ya kwanza.

#6 Fundi, Kariakoo

Hapo nimekupata, la kipimo nakubaliana na wewe, nitakuwa nawaelekeza hivyo. Na mimi nichangie la upande wetu maana hata ufuate masharti yote kama betri yenyewe ni mbovu unajisumbua. Mteja anakuja anauliza bei tu. Angalieni haya kabla hujatoa hela: soma lebo, kuna volti na kuna mAh na kuna Wh, zidisha volti kwa mAh, gawa kwa 1000, uone kama unapata hiyo Wh. Betri ya volti 11.1 na 4400 mAh lazima iwe 48.8 Wh. Ukikuta imeandikwa 11.1 na 4400 halafu wanasema 65 Wh, aliyechapa lebo alikuwa anabuni. Pili uzito, ishike hiyo na ile yako ya zamani ya namba ileile, ikiwa nyepesi kwa kuonekana wazi jua seli ndani ni ndogo au zimepungua. Hizi betri zinazochomoka kwa nje, ndani huwa na seli za duara za milimita 18 kwa 65, ukifungua feki unakutana na seli zimetolewa kwenye betri chakavu zimevalishwa plastiki mpya. Tatu, mwambie fundi aifunge pale pale muwashe mtoe ripoti, mizunguko (hesabu ya mara ilizotumika na kujazwa) isome sifuri au karibu na hapo, na uwezo wa kujaa usiwe mbali na wa kiwandani.

Na tarehe ya kutengenezwa. Betri iliyokaa kwenye shelfu miaka mitatu kwenye duka lenye joto si mpya hata kama nailoni haijafunguliwa.

#7 Mdau wa Sinza

Fundi ubarikiwe, hii ya kuzidisha sikuwa naijua. Hiyo ripoti inatolewaje?

#8 Fundi, Kariakoo

Kwenye Windows bonyeza pale pa kutafuta andika cmd, fungua, andika powercfg /batteryreport bonyeza enter. Inakuambia faili limehifadhiwa wapi, unalifungua kama ukurasa wa intaneti. DESIGN CAPACITY ni ya kiwandani, FULL CHARGE CAPACITY ni inachoweza sasa, CYCLE COUNT ni mizunguko. Mashine nyingine mizunguko haisomi, inaweka kistari, usishtuke.

#9 Mwanafunzi, UDSM

Habari zenu kaka zangu. Mimi nina HP niliyonunuliwa nyumbani ina miezi sita tu ila inanipa masaa mawili, nachaji maktaba natoka nayo darasani kabla kipindi cha pili hakijaisha imelala. Nimeogopa kuweka hiyo 80 maana hata 100 hainitoshi. Je, na mimi nimeshaiharibu?

#10 Mleta uzi

Dada yangu usiogope, hapa kuna vitu viwili watu huwa tunavichanganya. Kuna betri kudumu leo, yaani masaa, na kuna betri kudumu miaka. Hivyo ni vitu tofauti na dawa zake tofauti. Toa kwanza ile ripoti aliyoeleza fundi. Kama inajaa karibu na ya kiwandani basi betri yako nzima, shida ni ulaji.

Piga hesabu hivi. Betri ya 41 Wh ikiisha kwa masaa mawili maana yake mashine inakula wati 20. Ni nyingi mno kwa kuandika noti. Mashine kama hiyo ikitulia inatakiwa itumie wati 8 mpaka 10, hapo ungepata masaa manne bila kununua kitu. Mlaji wa kwanza ni skrini, shusha mwanga mpaka pale macho yako yanaposoma bila kukaza, ndani ya darasa 40 inatosha kabisa. Wa pili ni kivinjari, ukifungua kurasa thelathini na vidio imesimama pembeni prosesa hailali. Fungua Task Manager uone nani yuko juu, mara nyingi utakuta programu ya kusawazisha mafaili au antivairasi inachapa kazi kimyakimya. Battery saver huwa inajiwasha ikifika 20, wewe iwashe mapema toka unapotoka maktaba. Na kama husomi mtandaoni zima waifai.

Kuhusu 80, siku yenye vipindi vingi jaza 100 ukatumie, haina dhambi. Kujaa si tatizo, tatizo ni kujaa halafu ikae. Mimi nikijua kesho natoka au nimesikia tetesi za umeme kukatwa mtaani, usiku natoa ule ukomo naijaza yote, nikirudi naurudisha. Ukomo wa 80 ni wa siku za kukaa mezani.

Na nakuomba kitu kimoja, ukitoka darasani unaiweka kwenye begi usifunge tu kifuniko ikalala. Laptopu nyingi za sasa zikilala hazilali kweli, zinaamka zenyewe kwenye begi, hakuna hewa, upo kwenye daladala umebanwa Ubungo mchana, unaitoa imechemka kama chapati na chaji imeshuka 30. Izime au weka haibaneti (hibernate, inahifadhi kazi yako kwenye diski halafu inazima kabisa).

#11 Mwanafunzi, UDSM

Asante kaka, ya begi ndo imenigusa, mara nyingi nikiitoa huwa ya moto nikadhani ni jua la nje. Nitatoa ripoti niilete.

#12 Mwenye stesheneri, Mwenge

Wakuu mimi nina laptopu mbili za ofisini zinapiga kazi saa moja asubuhi mpaka saa mbili usiku, chaja haitoki. Moja ni Dell nyingine sijui hata kampuni gani, haina hiyo setingi ya 80. Hiyo isiyo na setingi nifanyeje, nikae nachomoa na kuchomeka siku nzima?

#13 Mleta uzi

Dell weka ianze 50 iishie 60 tu kaka, hiyo haitembei, unahitaji tu dakika za kuhifadhi kazi ya mteja umeme ukikata. Hiyo nyingine usijitese kuchomoa kila saa. Umuhimu wa kwanza kwako ni joto kuliko asilimia. Nimewahi kuingia stesheneri nyingi hapo Mwenge, laptopu imewekwa juu ya printa, printa yenyewe ya moto, nyuma ukuta, pembeni mashine ya fotokopi. Ihamishe hapo. Feni yake fungua fundi aipulize vumbi mara mbili kwa mwaka, vumbi la barabarani pale linaziba haraka. Ukifunga jioni chomoa chaja, asubuhi anza kazi kwa betri mpaka ifike 40 ndo uchomeke, mara mbili tatu kwa wiki inatosha, haikai kileleni mwezi mzima.

Watu wanaogopa mizunguko kupita kiasi. Mzunguko mmoja ni jumla ya asilimia 100 uliyotumia, siyo kila ukichomeka waya. Ukitumia 50 leo na 50 kesho ndo umemaliza mmoja. Betri nyingi za laptopu zinahesabiwa mizunguko 300 mpaka 500 kabla hazijashuka 80, Apple wao kwa MacBook za kisasa wanasema 1,000. Ila ukiishia volti za chini kidogo, kila ukipunguza kama 0.1 kwenye seli mizunguko inakaribia kuongezeka maradufu, ndo siri ya ile 80.

#14 Mdau wa MacBook, Mikocheni

Kwa sisi wa Mac ipo Optimized Battery Charging, inajifunza ratiba yako inasubiri 80 mpaka karibu na muda unaotoka. Kwangu haifanyi vizuri maana sina ratiba, leo naamka saa kumi na mbili kesho saa nne. Nimeweka programu ya AlDente inakata chaji pale ninapotaka.

#15 Mwalimu mstaafu, Kigamboni

Vijana wangu nimefurahi kuona mnaelimishana kwa heshima. Mimi laptopu yangu, ile sehemu ya kugusa kwa kidole imeinuka, haibonyezeki tena, na kifuniko kikifungwa kinaacha mwanya. Inawaka vizuri, betri inakaa saa moja. Je niendelee nayo mpaka mwisho wa mwezi nipate pensheni nikanunue nyingine?

#16 Mleta uzi

Shikamoo mzee wangu. Naomba tafadhali usisubiri mwisho wa mwezi. Hiyo betri imevimba. Ndani yake kimiminika kimeoza kimetoa gesi na ile pakiti imejaa kama puto, ndo inasukuma sehemu ya kugusa juu. Izime sasa hivi, chomoa chaja, usiichaji tena hata kidogo, usiikandamize kifuniko kifunge na asije mtu akaitoboa kutoa hewa, nasikia kuna watu wanafanya hivyo, ikitobolewa inaweza kulipuka moto usiozimika kirahisi. Iweke kwenye sakafu ya simenti mbali na mapazia na godoro mpaka umpate fundi.

Kama yako ni ya kufungua kwa skrubu fundi ataitoa, na laptopu nyingi zitawaka kwa chaja peke yake bila betri, utaendelea na kazi zako mpaka pensheni itoke. Ukivuka pantoni kuileta mjini ibebe mkononi kwenye mfuko wake, isikae juani.

#17 Fundi, Kariakoo

Na mimi nampa mzee shikamoo. Mzee mwambie mwanao au mjukuu akuletee, kuitoa ni dakika kumi. Na hiyo ya zamani usitupe jalala la mtaani, gari la taka linashindilia, ikibanwa kule inawasha gari zima. Waachie mafundi au wanaonunua vifaa chakavu vya elektroniki, waambie kabisa kwamba imevimba.

#18 Mwalimu mstaafu, Kigamboni

Marahaba wanangu. Nimeshaizima na kuiweka kibarazani kwenye simenti, kivulini. Mjukuu anavuka nayo kesho asubuhi.

#19 Mdau wa Sinza

Swali la mwisho kwa upande wangu, chaja. Yangu iliungua nikanunua ya elfu kumi na tano barabarani, inachaji lakini polepole na nikiwasha programu nzito chaji inashuka huku imechomekwa. Hiyo inaua betri?

#20 Mleta uzi

Angalia lebo ya chaja ya zamani na hii. Volti lazima zifanane, kama ni 19.5 iwe 19.5. Wati zisiwe chini, kama mashine inataka 65 na wewe umeipa 45 ndo hicho unachokiona, kazi ikizidi inachota kwenye betri kujazia, betri inapanda na kushuka siku nzima bila wewe kujua, mizunguko inaliwa hivyo. Wati zikizidi haina shida, mashine inavuta inachohitaji tu. Dell nazo zina kawaida ya kuitambua chaja, isipoitambua inakuandikia kwenye skrini na inakataa kuchaji betri kabisa, watu wanadhani betri imekufa wanaenda kununua mpya kumbe ni kale kapini ka katikati ya waya.

Mimi kati ya betri rahisi na chaja rahisi, chaja rahisi ndo naiogopa zaidi. Chaja feki umeme ukirudi na kishindo haina cha kuzuia, inapitisha kama ulivyo.

#21 Mwanafunzi, UDSM

Kaka zangu nimerudi na ripoti. DESIGN CAPACITY 41,040, FULL CHARGE CAPACITY 38,900, CYCLE COUNT 142. Nimeshusha mwanga, nimekuta programu mbili za mikutano zilikuwa zinajiwasha zenyewe nimezitoa, leo nimepata masaa matatu na dakika arobaini! Ila mizunguko 142 kwa miezi sita si mingi?

#22 Mleta uzi

Hongera dada. Uwezo wako ni kama 95, betri nzima kabisa. Mizunguko 142 kwa miezi sita ni karibu mmoja kila siku, inaeleweka, ulikuwa unaijaza na kuimaliza na nyingine ilikuwa inaliwa kwenye begi. Kwa ulaji wako wa sasa itapungua yenyewe, kazi ileile inatumia karibu nusu ya umeme. Chaji ikiwa 25 au 30 hapo maktaba usisubiri ishuke zaidi, na chuo kikifungwa ukienda nyumbani ukaiacha hosteli, iache ikiwa nusu, imezimwa, siyo dirishani.

Toa ripoti nyingine mwezi wa nne joto likishapungua uiweke hapa tulinganishe, na mimi nitaweka yangu.

#23 Fundi, Kariakoo

Mjukuu wa mzee kafika asubuhi hii na laptopu. Betri ilikuwa imevimba kama andazi, seli mbili kati ya tatu. Nimeitoa salama, mashine inawaka kwa chaja, touchpadi imerudi chini inabonyezeka. Mzee kaendelea na kazi zake.